Kusoma Tu, Bila Kufungua

Duka letu la steshenari lilikuwa chumba cha mbele tulichopanga kwenye nyumba ya Bibi, pale Gongoni, Tabora, na Bibi alikuwa na desturi ya kutuita kwa kugonga ukuta. Pigo moja lilimaanisha tupunguze redio. Mawili yalimaanisha chai ipo. Siku aliyogonga mara tatu, mimi na bosi tulitazamana, maana tatu haikuwamo kwenye makubaliano.

"Nenda wewe, mpagazi," bosi akasema bila kuinua macho kutoka kwenye mashine ya kopi. "Huo ni mzigo."

Niseme mapema kwamba bosi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Mzaramo, mimi Mnyamwezi wa Ipole, kwa hiyo tulikuwa watani, na mtani huwezi kumshtaki popote. Tangu siku ya kwanza aliniita mpagazi, akidai babu zangu walibeba pembe kutoka hapa mpaka baharini huku babu zake wakiwasubiri na madafu. Mimi nilimjibu kwamba ndiyo maana hata leo akinyanyua rimu moja ya karatasi lazima akae apumzike.

Bibi alikuwa ukumbini, juu ya mkeka, miguu ameinyoosha. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza hali ya mama, akauliza hali ya nyuki wa baba, kwa sababu watu wa Ipole hatuulizwi habari za nyumbani nyuki wakaachwa. Kisha akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake. Ndani mlikuwa na flashi ndogo nyekundu.

"Mume wangu yumo humu," akasema.

Nikacheka, nikidhani ananitania. Yeye hakucheka. Basi nikakaa.

Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kabla ya hapo mjukuu wao, binti anayesomea uuguzi Dodoma, alikuja likizo, akawa anamrekodi babu yake kwa simu kila asubuhi: habari za ujana, dawa za jino, matusi aliyowatukana wezi wa kuku. Simu ilipojaa, binti akayabana yote yakawa faili moja la zipu, akalitia kwenye flashi, akamwachia bibi yake. Baadaye simu yenyewe ikatumbukia kwenye beseni la nguo. Kwa hiyo mzee mzima, na chafya zake zote, alikuwa amebaki ndani ya kitu kisichofikia kidole changu cha shahada.

"Unataka kusikia sauti yake, Bibi."

"Sauti yake naijua. Miaka arobaini nimeisikia, siku nyingine nikiomba inyamaze. Mimi nataka jibu."

Jibu lenyewe lilihusu treni. Bibi alipokuwa msichana aliuza asali ya chupa stesheni, akiipitisha kwenye madirisha ya mabehewa. Siku moja kijana aliyekuwa anakwenda Kigoma kuanza kazi alishuka kununua asali. Wakazungumza. Treni ikaondoka, na sanduku lake la bati likaondoka nalo. Kijana akabaki Tabora, asiondoke tena mpaka alipozikwa. Tangu walipooana Bibi alikuwa akimuuliza swali moja: treni ilikuacha, au wewe uliiacha? Na mzee alikuwa na jibu moja: "Iliniacha, mke wangu. Mtu gani mwenye akili ataacha sanduku lake liende Kigoma peke yake?"

"Lakini siku ya tatu," Bibi akainua kidole, "alikuja kwetu kuamkia wazee na shati jeupe, limenyooshwa mpaka kola inakata shingo. Namuuliza, shati umelitoa wapi na sanduku liko Kigoma? Ananiambia kaazima. Kaazima kwa nani? Alikuwa hamjui hata mbwa hapa! Tukigombana kuhusu chumvi, mimi namuuliza shati. Mwisho, yuko kitandani, hajiwezi, ananiambia: 'Ukweli nimeshauweka kwenye simu ya mjukuu wako. Utausikia nikishaondoka.' Akacheka yule bwana mpaka akapaliwa."

"Si umpigie mjukuu akwambie?"

"Nimempigia. Anasema babu yake alimwapisha asiseme."

Fundi mmoja wa mjini alikuwa ameshajaribu kulifungua faili akashindwa, kisha akapendekeza kuisafisha flashi yote ianze upya. Bibi aliipokonya mkononi mwake. Sasa alinipa mimi kwa sharti moja: kisiguswe kitu. Kisiongezwe, kisipunguzwe. "Hata chafya yake isipotee. Nikija kusikia chafya imepungua, mtahama chumba."

Mimi ni mtu wa ndoto, hilo hata mama yangu anajua. Matokeo yangu ya kidato cha nne aliyasoma mara moja, akayakunja, akayaweka chini ya Biblia, hayajatoka huko mpaka leo. Ndoto niliyoibeba toka shuleni ilikuwa kuendesha treni. Kwa hiyo Bibi alipokuwa akisimulia, mwenzenu nilikuwa nimeshapanda kwenye kichwa cha ile treni ya zamani, mkono kwenye honi, nikiwaangalia wale wawili na chupa yao ya asali, nikijiuliza niondoke au nisubiri. Nilirudi dukani nimevimba kifua.

"Tunaifungua leo," nikamwambia bosi.

Hatukuifungua. Kompyuta ya duka ilikuwa moja, na diski yake imejaa hadi shingoni: barua za maombi ya kazi, ratiba za misiba, katiba za vikundi vya wafugaji nyuki, kadi za harusi ambazo ndoa zake nyingine zilikuwa zimeshavunjika. Bosi alikataa kufuta hata moja. "Ukifuta ya mtu, kesho yake yuko mlangoni," alisema, na kweli walikuwa wanakuja. Faili la Bibi likiwa limebanwa lilienea kwenye flashi. Ukilifungua, yale maneno yote ya mzee yanavimba kama maharage yaliyolowekwa, na pa kuyaweka hapakuwepo. Nilijaribu mara moja, kwenye nakala. Mashine ilihema, ikajaza kila upenyo, ikaganda, tukaizima kwa kuchomoa waya. Simu yangu ilikuwa na nafasi ya picha nne. Bosi, mtaalamu wetu wa kompyuta, yeye alitumia simu ya kitochi. Na kompyuta ya duka la jirani ilikuwa na virusi wa kutosha kufungulia zahanati.

Nilimaliza bando langu la wiki nikitafuta njia. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini nikipewa muda naelewa mtu anataka nini. Nikakuta watu wanaelezana kwamba faili lililobanwa si lazima lifunguliwe. Kuna programu ndogo, na ule mfumo wa bure ambao bosi alikuwa ameuweka kwenye mashine yetu kukwepa virusi ulikuwa unaikubali. Unaipa faili la zipu, yenyewe inalisimamisha kama folda ya kawaida. Unaingia, unaona majina yaliyomo, unachagua moja unalisikiliza. Mashine inachota kiasi unachokitaka tu, mengine yanabaki yamefungwa. Na ilikuwa ya kusoma tu: hata ukitaka kufuta, inakukatalia.

Nilimkumbuka baba. Baba hafungui mzinga kujua kama una asali. Anapanda mtini, anaweka sikio kwenye gome, anabisha kwa kidole, anasikiliza, anashuka. Nyuki hawajui kama alikuja. Nikajiambia, kumbe baba yangu alikuwa fundi wa kompyuta siku zote na nyumbani hatukujua.

Tatizo lilikuwa kumweleza Bibi. Ile kazi ya kulisimamisha faili wenyewe wanaiita, kwa Kiingereza, "maunti". Nilimwambia bosi, "Kesho namwambia Bibi tunafanya maunti." Bosi akaweka kikombe chini.

"Mpagazi. Unakwenda kwa mjane, unamwambia habari za mauti?"

"Maunti, si mauti."

"Kwa sikio la Bibi kuna tofauti gani? Tafuta neno lingine, tusije tukahamishwa."

Nikatafuta lingine, nikaona nimelipata, na hapo ndipo nilipoharibu.

"Bibi," nikamwambia asubuhi, "kulifungua haiwezekani. Mashine haina uwezo. Dawa yake ni kusoma tu."

Bibi alinitazama kwa makini. "Kusoma tu?"

"Kusoma tu, bila kugusa kitu. Hakipungui, hakiongezeki."

"Nami niliwaza hivyo hivyo toka mwanzo," akasema polepole. "Nikaogopa kusema, nikajua vijana mtanicheka. Lini?"

"Hata kesho, baada ya alasiri."

"Watu wawe wangapi?"

Mimi nikadhani anauliza wa kusikiliza. "Wowote, Bibi. Spika ipo."

"Mpaka spika!" akasema, na nikaona ameguswa.

Mimi nimelelewa Kimoraviani, huko Ipole, wilaya ya Sikonge. Kwetu kusoma ni kusoma: gazeti, barua, mita ya maji. Nilisahau kwamba Gongoni mtu akiumwa na dawa zikishindikana, anasomewa.

Kesho yake, baada ya alasiri, tulisikia ukuta ukigongwa mara nne. Kabla hatujajua nne ni nini, mlango ulijaa. Walitangulia wanawake watano waliojitanda vizuri, mmoja na jamvi kwapani, mwingine na chetezo kinachofuka udi. Nyuma yao likaja sinia la pilau limefunikwa kawa, na nyuma ya sinia maalim wa madrasa ya mtaa, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Bibi alikuja mwisho, amevaa kanga mpya. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri kopi walivua viatu bila kuambiwa.

Maalim alitusalimia, akaangalia kona zote za duka, akauliza kwa sauti ya chini, ya huruma:

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Huyo hapo," Bibi akasema, akionyesha kompyuta.

Bosi aliingia chini ya meza kutafuta kitu kilichoanguka. Hakuna kitu kilichoanguka. Niliona mgongo wake unatetemeka, nikajua kwa upande wake sina msaada.

"Bibi," nikasema, "nilivyosema kusoma..."

Nikamwona. Alikuwa ameshika pindo la kanga lililokuwa na ile flashi, ameliminya kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kifaranga. Pilau ameipika yeye. Watu amewaalika yeye. Na macho yake yalikuwa kwenye kile kioo kichafu kana kwamba mlango wa behewa uko karibu kufunguka. Sasa wewe ungesema nini?

"...nilivyosema kusoma, nilikuwa sijajua kama maalim ana nafasi. Karibu, maalim. Jamvi litandikwe hapa."

Kutoka chini ya meza nikasikia sauti: "Chetezo kisikae karibu na feni, jamani."

Wakati wanakaa, Bibi alinipa flashi. Nikaichomeka, nikaandika amri kama nilivyojifunza. Asubuhi nilikuwa nimejaribu kwa faili langu mwenyewe ikakubali vizuri kabisa. Sasa ikajibu kwamba faili hilo halipo. Nikaandika tena. Halipo. Jasho likaanza. Lilikuwepo, nililiona kwa macho yangu, binti alikuwa ameliita "babu yangu wa stesheni". Mara ya tatu. Halipo. Wanawake watano walikuwa wananitazama vidole.

"Anza wewe, maalim," Bibi akasema. "Si unaona lenyewe limekataa?"

Maalim akaanza, kwa sauti nzuri isiyo na haraka, na wanawake wakaitikia amina. Mmoja, kijana kuliko wengine, akajiunga kusoma naye, lakini akavuta pumzi katikati ya sentensi. Maalim akanyamaza, akamgeukia kwa upole.

"Mwanangu, hapo hapana nafasi. Ukipumua pasipo pake, unakata maneno, maana inapotea."

Vidole vyangu vikasimama hewani.

Nafasi! Siku zote hizo nilikuwa nalia diski haina nafasi, kumbe jina la faili lilikuwa na nafasi nyingi mno. Babu, nafasi, yangu, nafasi, wa, nafasi, stesheni. Mashine ilikuwa inapumua kila penye pengo: inasikia "babu", inakwenda kumtafuta babu, haimwoni. Nikalifunga jina lote kwa alama za kunukuu, mwanzo na mwisho, lisomeke kwa pumzi moja. Nikabonyeza. Folda ikasimama, kimya kimya, na ndani yake majina yakapangana kama mabehewa: jino, kuku, mvua kubwa, treni.

"Imekubali," nikasema.

"Amina," wakasema wote, na maalim akajipangusa uso kwa viganja. Bosi alitoka chini ya meza, vumbi magotini. "Mimi hapa," akaninong'oneza, "simwambii mtu kwamba ni alama za kunukuu."

Bibi akasogea. Nikamwonyesha neno lile, treni. "Nikibonyeza hapa, Bibi, tunasikiliza hili tu. Mengine yanabaki yalivyo."

"Hakipungui kitu?"

"Hata nikitaka. Nimekatazwa na mashine yenyewe."

"Bonyeza."

Kitu cha kwanza kilichotoka kwenye spika kilikuwa chafya. Kubwa, ya mtu asiyejali majirani. Wanawake walishtuka, na Bibi akapiga kofi paja lake: "Hiyo hapo! Imo!" Kisha sauti ya mzee, kavu kidogo, yenye kicheko kilichofichwa nyuma yake.

Akaeleza stesheni ilivyokuwa. Akaeleza msichana wa asali. "Nilishuka kununua chupa moja," alisema. "Nikaonja. Nikamwambia asali yako chachu. Akaniambia mdomo wako ndio mchachu. Nikajua safari yangu imekwisha." Mjukuu akasikika akicheka. "Basi treni ikapiga honi ya kwanza, nikasikia. Nikapanda ndani."

"Alipanda!" Bibi akasema.

"Nikapanda ndani, nikachukua sanduku langu, nikashukia mlango wa upande wa pili. Nikaliweka kwa mama mmoja aliyekuwa anauza chai nyuma ya tangi la maji. Honi ya pili nikaisikia nimesimama nyuma ya tangi. Treni ilipoanza kwenda ndiyo nikatokea mbio, mikono kichwani, napiga kelele, sanduku langu, sanduku langu! Nilikimbia vizuri sana siku ile. Bibi yako alinihurumia mpaka akanipa maji."

Dukani hakuna aliyepumua, penye nafasi wala pasipo nafasi.

"Sasa wewe mjukuu wangu," sauti ikaendelea, na hapa ilishuka, "bibi yako nitamwambia atausikia ukweli. Ni kumchokoza tu. Usimwambie. Akijua, ataacha kuniuliza. Mwache aulize. Nikiwa kule nitakakolala, nataka niwe nasikia bado ananiuliza habari ya lile shati."

Ikakatika.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na programu yangu. Mzee aliomba siri moja tu, na mimi nimeipigia spika mbele ya watu wote wale. Na kitu cha kusoma tu hakirekebishiki. Siwezi kurudi nikamfuta pale mwisho. Bibi alikuwa ameinama. Mabega yake yalitikisika, na kwa muda sikujua kama ni kicheko au ni kile kingine. Nadhani hata yeye alikuwa bado hajachagua.

Akafuta macho kwa kanga. Akainua uso.

"Mashine yenu hii," akasema, "inakoroma. Mimi sijasikia kitu."

Akamgeukia mwanamke wa kwanza.

"Amesema nini pale mwisho? Wewe umesikia?" akamwuliza.

Mwanamke akamtazama, akaelewa. "Mimi nilikuwa naangalia chetezo, dada."

"Maalim?"

Maalim akavua miwani, akaipangusa taratibu. "Sikio langu la upande huu, Bibi, toka mvua zile halijakaa sawa."

"Na wewe Mzaramo?"

"Mimi nilikuwa chini ya meza," bosi akasema.

Nikabaki mimi. Bibi alinikazia macho mekundu, na ndani yake, naapa, palikuwa na yule msichana wa asali, anasubiri kuona kama mdomo wangu nao ni mchachu.

"Bibi," nikasema, "mimi ni wa kusoma tu. Siongezi, sipunguzi."

"Basi hatujui," akasema kwa kuridhika. "Funueni pilau, inapoa."

Tulikula, na wale wateja wawili wa kopi wakala kuliko wote. Mimi niliichomoa flashi kwa adabu, nikamrudishia, akaifunga kwenye pindo la kanga kwa mafundo mawili.

Siku hizi, kila Ijumaa kabla hajaenda makaburini, ukuta unagongwa mara tatu. Sasa tunajua tatu ni nini. Natoka mlangoni, namwamkia. Yeye anapita na udi wake, anasimama kidogo mbele ya duka, ananiuliza kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka kule anakokwenda:

"Eti mjukuu wangu, ile treni ilimwacha, au aliiacha?"

"Hatujui, Bibi. Nenda kamuulize."

"Na shati?"

"La shati pia muulize."

"Nitamuuliza," anasema, na anakwenda.